Fosfeti katika tangi la matumbawe: deni lililojificha ndani ya mawe

Mleta uzi

Wana jukwaa, salaam. Naomba niandike kwa urefu kuhusu fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini inayolisha mwani, kwa sababu ni jambo lililonigharimu matumbawe niliyoyalea kwa miaka mitatu, na kwa sababu naona wengi wetu bado tunalishughulikia kwa namna ile ile iliyoniponza.

Tangi langu lina maji halisi lita 400, ukiondoa nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga. Wakati huo kipimo cha fosfeti kilisoma miligramu 0.38 kwa lita, mwani wa nyuzi ulikuwa umefunika mawe ya juu, na vioo nilikuwa navifuta kila siku. Nilinunua punje za oksidi ya chuma, ambazo hunasa fosfeti, nikajaza riaktari (chombo cha kupitishia maji kwenye punje hizo) kipimo chote kilichoandikwa kwenye kopo, nikafungulia maji. Siku ya tatu kipimo kilisoma 0.04, na siku ya tano kikasoma 0.00. Nilifurahi sana. Siku ya nane makoloni matatu ya Acropora, matumbawe magumu yenye matawi, yalianza kuchunika ngozi kutoka kwenye shina kwenda juu, na kabla wiki haijaisha yalikuwa yamebaki mifupa mitupu. Kwa hofu niliitoa riaktari, na bila kuongeza hata chembe ya chakula fosfeti ikarudi hadi 0.29 ndani ya siku tisa.

Kurudi huko ndiko kulikonifundisha zaidi kuliko kila kitu nilichokuwa nimesoma. Maji yangu yalikuwa na fosfeti isiyozidi miligramu 152 kwa jumla, yaani 0.38 mara 400, na zote nilikuwa nimezitoa. Hizo nyingine zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mawe na mchanga. Mawe yetu ni kalsiamu kaboneti, na fosfeti hunata kwenye uso wa kalsiamu kaboneti kwa urahisi. Fosfeti ikizidi majini, mawe huipokea. Ikipungua majini, mawe huiachia, na mwendo huo huendelea mpaka pande mbili zilingane. Tangi lililokaa miaka mingi na fosfeti ya juu limejaza hifadhi yake kimya kimya, na namba tunayoisoma kwenye kipimo ni ile sehemu ndogo tu inayoelea majini. Anayetaka kushusha fosfeti analipa deni la mawe, na deni hilo halilipwi kwa siku tano.

Ndiyo maana napenda tuanze na hesabu ya kinachoingia kabla ya kuzungumzia dawa. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi inayokaribia asilimia 1 ya uzito wake, na mara nyingi huizidi. Gramu moja basi ina miligramu 10 za fosforasi, na kwa kuwa fosfeti ni nzito mara 3.066 kuliko fosforasi iliyomo ndani yake, hizo ni sawa na miligramu 30 hivi za fosfeti. Sasa tuchukue tangi langu likiwa kwenye 0.38, nibadilishe asilimia 20 ya maji, yaani lita 80. Maji hayo yanatoka na miligramu 30 za fosfeti. Kazi yote ile ya kuchanganya chumvi, kupasha maji joto na kubeba ndoo imeondoa kiasi kile kile kinacholetwa na gramu moja ya chakula kikavu. Sisemi kwamba fosforasi yote ya chakula huishia majini, maana sehemu hujenga miili ya samaki na matumbawe, sehemu huchukuliwa na bakteria na mwani, na sehemu hutolewa na skima, yaani kifaa kinachotoa uchafu kwa povu. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kubadilisha maji peke yake hakumshushii fosfeti mtu anayelisha gramu mbili au tatu kila siku, hata akibadilisha kila wiki.

Chanzo kingine ni maji ya bomba, ambayo katika miji mingi hutiwa fosfeti kwa makusudi ili mabomba yasiliwe na kutu. Kwa hiyo maji ya kuchanganyia chumvi na ya kufidia uvukizi yapitishwe kwenye chujio la osmosisi kinyume (utando unaozuia chumvi zilizoyeyuka) pamoja na resini ya kunasa zinazobaki, na kipimo cha chembe zilizoyeyuka kisome 0. Kaboni ya kuchujia ya ubora wa chini nayo inaweza kutoa fosfeti. Mawe makavu yaliyochimbwa ardhini nitayarudia endapo kuna atakayeuliza.

Kuhusu namba ya kulenga, maji ya juu kwenye miamba ya bahari iliyo mbali na uchafu huwa na fosfeti ndogo sana, mara nyingi chini ya miligramu 0.03 kwa lita. Wengi husoma namba hiyo wakaamua kwamba sifuri ni bora zaidi, na hapo ndipo nilipoanguka mimi. Matumbawe ya baharini hupitiwa mchana na usiku na maji mengi yaliyobeba planktoni, hivyo fosforasi huwafikia kwa njia ya chakula hata kama iliyoyeyuka ni kidogo. Tangini hakuna mkondo huo wa chakula. Ukiondoa na ile kidogo iliyoyeyuka, mwani mdogo unaoishi ndani ya ngozi ya tumbawe unakosa fosforasi ya kujengea utando wa seli zake. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake walionyesha kwamba tumbawe lenye naitrojeni nyingi na fosfeti haba hupauka kwa wepesi zaidi linapopatwa na joto na mwanga mkali. Hali yangu ilikuwa hiyo hiyo: naitreti, ambayo ni naitrojeni iliyoyeyuka majini, miligramu 15 kwa lita, fosfeti hakuna, na taa zinawaka kwa nguvu zote.

Upande wa pili nao una ukweli wake, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani fosfeti haina madhara. Fosfeti hushika kwenye uso wa fuwele ya kaboneti, ambayo tumbawe hujengea mifupa yake, inapoanza kukua na kuizuia isiendelee, na K. Simkiss aliandika tangu mwaka 1964 kuhusu fosfeti kama sumu ya fuwele hizo. Mwaka 1979 D. W. Kinsey na P. J. Davies walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya One Tree Reef nchini Australia, ambako waliongezea maji ya mwamba naitrojeni pamoja na fosfeti hadi kiwango kinacholingana na miligramu 0.19 hivi kwa lita, na ujenzi wa kaboneti ukapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa kuwa vitu viwili viliongezwa pamoja, si haki kuitwika fosfeti mzigo wote, ila ushahidi unatosha kutufanya tusiikaribishe.

Mimi sasa nalenga kati ya 0.03 na 0.10, na ndani ya mipaka hiyo najali zaidi kipimo kisirukeruke kuliko kiwe 0.04 au 0.08. Nimefika hapo kwa miezi mitano. Nilipunguza punje za oksidi ya chuma hadi robo ya kipimo cha kopo, nikazisuuza mpaka maji yatoke bila wekundu, na nikawa napima maji yanayotoka kwenye riaktari pamoja na ya tangini. Yanapolingana, punje zimechoka na zinabadilishwa. Kabla ya hapo ni kuzipoteza bure. Wiki za mwanzo namba tangini haikushuka hata kidogo, ingawa riaktari ilikuwa inafanya kazi na punje zinachoka kila baada ya siku chache. Nilijua mawe yanaachia. Mwezi wa tatu punje zilianza kudumu wiki mbili, kisha tatu, na ndipo namba ya tangini ikaanza kuteremka yenyewe taratibu.

Tahadhari moja: punje hizo hushusha alkaliniti pia, yaani akiba ya kaboneti iliyoyeyuka majini ambayo matumbawe hujengea mifupa, hasa siku za kwanza baada ya kubadilishwa. Pima alkaliniti kila unapoziweka upya. Naamini sehemu ya msiba wangu ilitokana na vitu viwili kubadilika kwa wakati mmoja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, pole kwa hasara hiyo na asante kwa maelezo. Tangi langu ni kinyume cha lako. Kipimo kinasoma 0.00 wiki zote, lakini mawe yamejaa mwani wa kijani na mchanga una utando wa kahawia wenye viputo vya hewa unaotoweka usiku na kurudi mchana. Rafiki aliniambia kwamba palipo na mwani lazima pana fosfeti, kwa hiyo niongeze oksidi ya chuma. Je, nimfuate?

Mleta uzi

Ndugu yangu, tafadhali usiongeze. Una mambo mawili tofauti, na yote mawili yanapatana na sifuri unayoiona.

Mwani wa kijani unakula fosfeti papo hapo inapotoka kwenye mawe au kwenye kinyesi cha samaki, hivyo kipimo hakiipati. Hapo dawa ni mikono na walaji: ung'oe mwani wakati wa kubadilisha maji ili fosforasi iliyo ndani yake itoke nje ya tangi kabisa, na uongeze konokono. Kila konzi ya mwani unayoitoa ni fosfeti uliyoitoa.

Ule utando wa kahawia wenye viputo, unaokonda usiku na kurudi taa zikiwaka, unafanana sana na dinoflajelati, viumbe wadogo sana wa seli moja. Viumbe hawa hushamiri mara kwa mara kwenye matangi ambayo naitreti na fosfeti zimekwisha kabisa, kwa sababu washindani wao wa kawaida hudhoofika, nao hubaki na uwanja peke yao. Ukiweza kupata hadubini, hata ya bei ndogo, tazama tone moja kabla ya kuamua. Kati ya aina zao, Ostreopsis huzunguka kana kwamba imefungwa kwenye uzi, na Amphidinium hukaa zaidi mchangani. Ikithibitika, punguza uchujaji, lisha zaidi, na ikibidi ongeza fosfeti na naitreti kwa dozi ndogo za kila siku mpaka kipimo kianze kusoma. Tarajia kwamba dozi za mwanzo zitamezwa zote na mawe, kwa sababu kama yanavyoachia yakijaa, ndivyo yanavyopokea yakiwa matupu. Usikate tamaa ukaongeza dozi mara tatu kwa siku moja.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea jambo la vipimo, kwa sababu watu wanafanya maamuzi makubwa kwa namba zisizoaminika. Fotometa ndogo za mkononi, yaani vipimo vinavyosoma rangi ya maji kwa mwanga, tunazotumia wengi zina kosa linalokubalika la takribani 0.02 juu au chini, pamoja na asilimia 5 ya kilichosomwa. Anayesoma 0.03 anaweza kuwa na 0.01 au 0.05. Anayesoma 0.00 leo na 0.02 kesho hajapanda wala kushuka. Aidha, zipo fotometa zinazotoa fosforasi kwa mikrogramu kwa lita badala ya fosfeti; ukisoma 25, zidisha kwa 3.066 kisha ugawe kwa 1,000, upate 0.077. Nimewahi kukutana na mtu aliyedhani 25 ni 0.025, akaishi na fosfeti mara tatu ya aliyoiamini kwa mwaka mzima.

Chupa ya kupimia ioshwe kwa maji safi yaliyochujwa bila sabuni, ifutwe alama za vidole, na unga wa kupimia utikiswe mpaka uyeyuke wote, maana punje moja isiyoyeyuka au kiputo cha hewa ukutani hupotosha mwanga. Tumia chupa ile ile kwa kusoma sifuri na kusoma sampuli, na iingie ikiwa imeelekea upande ule ule. Pia tukumbuke kwamba vipimo hivi husoma fosfeti isiyo ya kikaboni pekee. Fosforasi iliyofungwa ndani ya mabaki ya chakula na viumbe haionekani mpaka bakteria waivunje.

Mchangiaji wa tatu

Mimi kwa heshima natofautiana na mleta uzi. Tangi langu lina 0.30 kwa zaidi ya miaka miwili, Acropora zinakua, na rangi ni nzuri. Nalisha sana na samaki wangu wamenenepa. Kwa nini nijitese na riaktari?

Mleta uzi

Kwa maelezo hayo, mimi ningekuwa wewe nisingegusa kitu. Matumbawe yako yamezoea, kipimo hakirukiruki, na chakula unachotoa kinawafikia. Nimeona matangi mazuri kwenye 0.30 na nimeona yaliyokufa kwenye 0.03, na naamini mengi katika hayo ya pili yaliuawa na safari ya kwenda huko. Ninachokuomba ni kufuatilia mwelekeo wa kipimo chako. Kikiwa 0.30 mwaka huu na 0.30 mwaka jana, kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Kikipanda kutoka 0.30 hadi 0.36, kisha 0.45, mawe yako yameanza kujaa, na siku utakayolazimika kushusha, deni litakuwa kubwa kuliko unavyodhani.

Mchangiaji wa nne

Nina maswali matatu, wakubwa zangu. Kwanza, kusuuza chakula kilichogandishwa kunasaidia? Pili, lanthanamu kloraidi, ile dawa ya maji ya kuondolea fosfeti, ni salama? Tatu, nimenunua mawe makavu ya kuanzia tangi jipya. Nifanye nini nisirithi deni la mtu mwingine?

Mleta uzi

Kuhusu kusuuza, mkemia Randy Holmes-Farley, ambaye ameandika mengi juu ya kemia ya matangi haya, ameeleza kwa hesabu kwamba fosfeti inayotoka na maji ya kusuuzia ni sehemu ndogo ya ile iliyo ndani ya nyama yenyewe ya chakula. Mimi huyeyusha na kumwaga yale maji kwa sababu huchafua, lakini siyahesabu kama njia ya kudhibiti fosfeti. Kupunguza chakula kinachoanguka nyuma ya mawe bila kuliwa kunafaa zaidi.

Lanthanamu hufanya kazi kwa kushikana na fosfeti na kutengeneza chembe nyeupe zisizoyeyuka. Kwa uzito, miligramu 30 za fosfeti huhitaji takribani miligramu 44 za lanthanamu, na zaidi kidogo kwa kuwa sehemu yake hushikana na kaboneti, jambo linaloshusha alkaliniti. Hatari yake ni zile chembe: zikizagaa tangini huingia kwenye matamvua ya samaki, na wafugaji wengi wameripoti samaki wa jamii ya kangaja wakihema kwa shida au kufa. Anayeitumia aizimue sana kwa maji safi yaliyochujwa, aidondoshe tone kwa tone kwa saa nyingi kwenye soksi ya kuchujia yenye matundu ya mikroni 5 au 10, na asimamie muda wote. Mimi naiona inafaa zaidi kwenye pipa la mawe kuliko kwenye tangi lenye viumbe.

Hilo linanipeleka kwenye swali lako la tatu, na hapa una bahati ambayo mimi sikuwa nayo, kwa sababu unaweza kulipa deni kabla hujaweka kiumbe hata kimoja. Weka mawe kwenye pipa la maji ya chumvi, pampu ya kuzungusha na joto la kawaida, gizani, usubiri wiki moja, kisha upime. Ikisoma 0.50 au 1.00, mawe yamejaa. Hapo tumia lanthanamu bila hofu ya samaki, acha chembe zitulie, badilisha maji, subiri tena wiki moja, pima tena. Rudia mpaka wiki nzima ipite na kipimo kibaki chini ya 0.10. Mawe yenye tishu zilizokufa yalowekwe kwanza kwenye maji yenye klorini ili ziteketee, kisha yasuuzwe na kuachwa mpaka harufu yote iishe.

Mchangiaji wa kwanza

Na ile njia ya kutia siki au vodka tangini, ipo wapi katika mpango wako? Na tangi dogo la mwani wa Chaetomorpha, unaokuzwa ili ule fosfeti kisha uvunwe?

Mleta uzi

Siki na vodka hulisha bakteria. Bakteria huongezeka wakichukua naitrojeni na fosforasi, kisha skima huwatoa. Tatizo ni uwiano. Viumbe hivi vinahitaji naitrojeni nyingi zaidi ya fosforasi. Alfred Redfield alionyesha katika planktoni ya bahari uwiano wa atomu 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi, ambao ukiugeuza kuwa uzito wa naitreti na fosfeti unakaribia 10 kwa 1. Bakteria hawafuati uwiano huo kikamilifu, lakini mwelekeo ni huo. Kama naitreti yako nayo ni karibu sifuri, siki itamaliza iliyobaki na fosfeti haitaguswa kitu. Njia hiyo ni ya mwenye naitreti ya kutosha na skima yenye nguvu, na huanzwa kwa mililita chache sana, ikipandishwa wiki hadi wiki.

Chaetomorpha naipenda zaidi, ingawa nayo ina uchoyo wake: ikikosa naitreti au chuma haikui, na isipokua haitoi fosfeti yoyote. Niliiweka kwenye tangi la chini, taa yake inawaka usiku wakati za juu zimezimwa, na hilo limenisaidia pia pH isishuke sana alfajiri. Kila baada ya wiki mbili naikamua maji, naipima kwenye mizani ya jikoni, naandika uzito, kisha naitupa nusu. Kwa wewe mwenye sifuri, iache kwanza. Anza na hadubini, kisha chakula, kisha kipimo kingine baada ya siku tatu, na ulete hapa majibu yote mawili ya naitreti na fosfeti pamoja na alkaliniti ili tuyatazame kwa pamoja.